Filta ya tangi la samaki inavuja: itengenezwe au itupwe?

Swali: Shikamoo fundi. Nina tangi la samaki lenye urefu wa sentimeta 90 na upana wa 40, na maji yake yanafika kimo cha sentimeta 40. Nafuga samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Filta yangu ni ya mkebe, inakaa ndani ya kabati chini ya tangi. Wiki ya tatu sasa kila nikiamka nakuta sakafu ya kabati imelowa. Nimeifungua na kuifunga mara nne bila mafanikio. Jirani yangu ambaye ni fundi bomba amenishauri niizungushie silikoni kwa nje. Muuza samaki anasema nitupe, ninunue mpya. Juzi tena umeme ulipokatika, pampu ndogo ya hewa ikajaa maji. Nianzie wapi? *Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye tishu za chooni. Sikutanii. Umeifungua filta mara nne, lakini hujaniambia tone linatokea wapi. Umeniambia linakoangukia tu. Maji hayadondoki pale yanapotoka. Yanafuata mpira, yanazunguka kiungio, yanashuka na waya, na mwisho yanaangukia kwenye kitu cha chini kabisa. Ndani ya kabati lako kitu cha chini kabisa ni filta, kwa hiyo kila siku ndiyo inayobebeshwa kesi, hata kama mwizi ni mwingine.

Lakini kabla ya tishu, umeme. Chomoa plagi zote za tangi ukiwa na mikono mikavu na umesimama pakavu. Halafu niangalizie ekstensheni yako imelala wapi. Kama imelala chini ndani ya kabati hilo hilo linalolowa wiki ya tatu, basi tuna jambo kubwa kuliko filta. Umeme wetu ni wa volti 230, na maji ya tangi lako yana madini tele, yanaupitisha bila shida. Ipandishe, ipigilie kwa skrubu kwenye ubavu wa juu wa kabati. Kila waya unaotoka kwenye tangi uuache uning'inie chini ya usawa wa soketi kwanza, ndipo upande kuingia kwenye plagi. Tone litakaloteleza na waya litaishia kwenye ule mpindo wa chini na kudondoka hapo, halitapanda mlima kuifuata soketi. Na kama unaweza kumwita fundi umeme akuwekee swichi ya kinga ya miliampia 30, ile inayokata yenyewe umeme unapovuja, mwite hata kama filta yako ingekuwa nzima.

Sasa tishu. Kausha kila kitu kwa kitambaa: mipira, koki, kichwa cha filta, ubavu wa mkebe, kuta za kabati. Funga kipande cha tishu kuzunguka kila mpira pale unapoingilia kwenye koki, kingine pale koki zinapokaa juu ya kichwa cha filta, na kingine kirefu kizunguke mstari ambapo kichwa kinakutana na mkebe. Chini tandika gazeti. Koki ziwe wazi, maji yamejaa, ila umeme usiwashe. Subiri saa mbili, ukapike, ufanye shughuli zako. Ukirudi, tishu iliyolowa kwanza ndiyo shahidi wako. Ikiwa zote ni kavu, washa filta, subiri tena saa mbili.

Kwa nini nakusumbua na kuzima na kuwasha? Kwa sababu hayo ni magonjwa mawili. Filta inayovuja hata ikiwa imezimwa ina tatizo la mpira wa kuzibia, ule wa duara tunaouita oringi, au mkebe wenyewe umepasuka. Inayovuja ikiwashwa tu, mara nyingi ni upande wa kutolea maji: mpira wa bomba uliolegea, au klipu iliyochoka, kwa sababu huko ndiko mota inakosukumia. Na kuna dalili ya tatu ambayo watu hawaihusishi na uvujaji kabisa. Ukiona filta inakoroma na kutema vipovu vya hewa ndani ya tangi, kuna upenyo kwenye bomba la kunyonyea, sehemu iliyo juu ya usawa wa maji. Pale bomba halimwagi maji, linavuta hewa. Sakafu inabaki kavu, na mwenye tangi anadhani mota imeharibika.

Usishangae pia ukikuta tishu zote kavu na sakafu imelowa. Nilishawahi kuhangaika siku mbili nyumbani kwa mteja mmoja, nimefungua filta, nimebadilisha oringi, nimekaza kila kitu, asubuhi maji yapo. Siku ya tatu nikakaa kwenye kigoda mbele ya tangi, nikawasha tochi, nikaangalia tu. Kulikuwa na majani membamba ya mimea yake, yale yanayoota kama nyuzi, yamepanda ukingoni na kuning'inia nje kwa nyuma. Maji yalikuwa yanapanda kwenye zile nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, halafu yanateleza na kioo hadi chini. Niliukata uzi mmoja kwa mkasi na kazi ikaisha. Sikumtoza. Kwa hiyo angalia ukingo wote: mimea, waya wa taa uliolowa, kifuniko kinachotona kwa nje, na vipovu vya pampu ya hewa vinavyopasuka karibu na ukingo na kurusha mvua ndogo usiku kucha. Kama chumba kina kiyoyozi na unakizima asubuhi ukifungua madirisha, hewa ya Dar ikikutana na kioo cha baridi hutoa jasho la kutosha kukufanya uamini tangi limepasuka.

Tone moja kwa sekunde, ukitaka kujua ukubwa wa adui, ni kama lita nne na kidogo kwa siku. Sakafu ya kabati kulowa tu kila asubuhi ina maana tone lako ni la pole pole sana. Hiyo ni habari njema, na ndiyo inayonifanya nianze kumshuku mtu fulani.

Namshuku samaki wako. Hao wa magamba ya konokono ni wachimbaji. Kutwa nzima wanazoa mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, wanajenga shimo la kufukia gamba, na mwingine jirani anakuja kulifukua. Mchanga mwembamba unabaki unaelea, unanyonywa na filta. Ukiifungua filta ambayo mwenyewe hajaikung'uta vizuri, chembe zinaanguka kwenye mfereji wa oringi. Chembe moja ikikaa chini ya oringi inatosha. Ongeza na maji yenyewe: samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi) ya juu, kama ya ziwa lao, na maji magumu yakikauka huacha ule ukoko mweupe unaoujua kwenye birika la chai. Tone dogo linatoka, linakauka, linaacha ukoko. Ukoko unainua oringi kidogo, tone la pili linapata njia pana zaidi. Wiki ya tatu ndiyo hiyo.

Uelewe pia nguvu inayopigana nawe. Kama kichwa cha filta kipo kama mita moja chini ya uso wa maji, na kichwa hicho, ambacho ndicho kifuniko, kina upana wa sentimeta 20 hivi, maji yanakisukuma kwenda juu kwa nguvu ya karibu kilo 30. Usiku na mchana. Zile klipu nne za pembeni ndizo zinazoshikilia mzigo huo, na oringi ndiyo inayoziba pengo. Ndiyo maana ushauri wa jirani yako siukubali, ingawa kwenye bomba la chooni huenda ni fundi mzuri tu. Silikoni ya kupaka nje inasukumwa na maji kutoka nyuma yake, inabanduka kama ngozi ya kidonda. Tena mkebe wa plastiki laini haushikamani nayo kama kioo kinavyoshikamana. Na mwezi ujao utakapotaka kusafisha filta, utafungua nini, ilhali umeigandisha?

Nalijua hilo kwa sababu nililifanya. Miaka ile naanza kazi, niliipaka silikoni filta iliyovuja kwenye nyumba ya ghorofa, ikakaa kavu siku tano, nikajisifu. Ya sita ikabanduka usiku. Tangi halikumwagika lote kwa sababu bomba la kunyonyea lilikuwa halifiki chini kabisa, lakini ndoo kadhaa za maji zilipitia kwenye dari ya jirani wa chini. Nililipa rangi ya dari. Tangu hapo silikoni kwangu ni ya kioo tu.

Haya, tufungue ya kwako kwa utaratibu, mara ya tano na ya mwisho. Umeme umechomolewa. Funga koki, zitoe kichwani, beba filta iende uani au bafuni, usiifungue ndani ya kabati. Kabla ya kufungua, ifute kwa nje, hasa kwenye mstari wa kifuniko, kwa sababu mchanga wote uliokaa hapo utaingia ndani klipu zikiachia. Andaa ndoo yenye maji ya tangi, siyo ya bomba, uweke sponji na zile pete za kauri humo. Nitaeleza kwa nini baada ya muda mfupi; usiliruke hilo.

Toa oringi kwa kidole, au kwa kijiti cha meno ukiitungua taratibu. Usitumie bisibisi: alama moja ya bisibisi kwenye mfereji wa plastiki ni uvujaji wa kudumu. Ipeleke dirishani penye mwanga. Oringi nzima ni ya duara ukiikata kwa macho, kama bomba la kalamu. Iliyochoka imelalia upande mmoja, imekuwa bapa kama kamba ya kiatu. Ipitishe yote kati ya kidole gumba na cha shahada, umefumba macho ukitaka, maana kidole kinaona zaidi ya jicho: utasikia kikwaruzo, chembe, mahali palipopungua. Ibonyeze kwa kucha. Alama ikirudi haraka, raba bado iko hai. Ikibaki na kovu, imekufa, na hakuna dawa ya kuifufua. Ukiivuta kidogo na kuona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi, nayo imekwisha.

Mfereji usafishe kwa mswaki wa zamani. Penye ukoko mweupe, siki. Ile siki nyeupe ya dukani changanya nusu kwa nusu na maji, loweka kitambaa, kibandike juu ya ukoko nusu saa, kisha sugua. Utasikia vipovu vidogo vikichemka, huo ndio ukoko unayeyuka. Usikwangue kwa kisu, usimwagie maji ya moto ya kuchemka, plastiki itapinda na kifuniko hakitakaa tena. Suuza vizuri.

Kisha grisi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri: wanachukua mafuta ya mgando ya kujipaka. Mafuta hayo yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na raba za aina fulani huvimba na kulegea zikikaa nayo. Tumia grisi ya silikoni tupu, inapatikana kwa wanaouza vifaa vya pampu za maji na kwa wanaotengeneza mashine za kahawa. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha duara lote. Oringi ing'ae tu, isiteleze na mafuta. Grisi haizibi kitu, mwanangu. Kazi yake ni kuiachia oringi ijitandaze sawasawa inapobanwa, isijikunje. Ukipaka nyingi unatengeneza gundi ya kunasa mchanga wa hao wachimbaji wako.

Irudishe kwenye mfereji bila kuisokota. Wengine wanaianzishia sehemu moja na kuizungusha, ikifika mwisho imebaki ndefu, wanaisukumiza, hapo imejikunja. Ishike pande nne kwanza, ndipo ujaze katikati. Kichwa kikae sawa, ukibonyeze kwa viganja viwili, kisha funga klipu mbili zinazotazamana kwa wakati mmoja, halafu mbili nyingine. Ukifunga moja moja kwa kuzunguka, upande wa kwanza unabanwa kuliko wa mwisho. Klipu iliyovunjika usiifunge kwa waya wala kwa mpira wa baiskeli. Kumbuka zile kilo 30.

Mipira ya mabomba ina kosa moja tu, na ni rahisi. Ncha iliyokaa miaka kwenye kiungio hukakamaa na kupanuka, haibani tena. Kata sentimeta mbili au tatu za ncha hiyo kwa wembe, mkato ulionyooka, chovya ncha mpya kwenye maji ya moto dakika moja, isukume mpaka iguse mwisho wa kiungio, kaza. Basi. Koki nazo zina vioringi vyake vidogo ndani, viwili au vinne, na ndivyo vinavyosahaulika kuliko kitu chochote kwenye filta. Vifanyie kama kile kikubwa. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe kwenye viungio hivi. Ni ya viungio vya kukaza kwa kuzungusha kama skrubu, hapa inazuia tu kiungio kukaa.

Kabla ya kuirudisha kabatini, ijaribu ndani ya beseni kubwa. Unganisha mipira, fungua koki, iache imejaa bila umeme usiku kucha na tishu zake kiunoni. Asubuhi zikiwa kavu, washa, subiri tena hadi jioni. Ndipo uiingize kabatini, na beseni iende nayo. Nami nyumbani kwangu kila filta inakaa kwenye beseni ya plastiki, hata mpya. Si pambo, na wageni wameshazoea.

Sasa lini uitupe? Ukikuta mkebe au kichwa kimepata ufa, hata mwembamba kama unywele, hapo namuunga mkono muuza samaki, japo najua ana duka. Gundi ya plastiki inaweza kushika wiki, mwezi, lakini filta inatetemeka muda wote na ufa hutembea. Ukikuta ganda linaloziba mota limepasuka, au kinga ya umeme inakata kila ukiichomeka, hapo hata usijadili. Nyaya za mota zimezibwa kiwandani ili maji yasizifikie; zikifikiwa, hicho si kifaa cha samaki tena. Hita ni hivyo hivyo: ukiona ukungu au matone ndani ya kioo chake, ichomoe, iache ipoe, itupe. Kwa Dar huenda huna kabisa, ila kuna ndugu zetu wa Arusha na Nairobi wanasoma. Mkebe mzima wenye oringi mbovu, klipu iliyovunjika au mpira uliokakamaa, huo ni wa kutengeneza, na kwa maelezo yako naamini wa kwako uko hapo.

Turudi kwenye ile ndoo ya maji ya tangi. Nimeona matangi mengi yakifa baada ya kutengenezwa kuliko yaliyokufa kwa kuvuja. Ndani ya sponji na pete za kauri wanaishi bakteria wanaokula amonia inayotoka kwa samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula. Ukiwaosha kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua. Ukiwaacha wakauke juani unawaua. Ukiwafungia ndani ya mkebe uliozimwa saa nyingi wanakosa hewa, wanakufa, na maji ya mkebe yanaanza kunuka kama yai bovu. Tangi linaonekana safi kabisa, na siku ya tatu samaki wanahema juu.

Kwako wewe hilo ni hatari mara nyingi zaidi ya kwa mwenye samaki wa dhahabu. Amonia ina sura mbili majini, moja ya upole na moja ya sumu, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye pH 7 ile ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, ambako maji ya Tanganyika hukaribia, inapita asilimia 30. Amonia ile ile, samaki wale wale. Kwa hiyo sponji zikae kwenye ndoo ya maji ya tangi, zimezama, na jiwe la hewa, kile kijiwe cha kutoa vipovu, linapuliza humo. Ukizisuuza, zisuuze kwenye maji hayo hayo, kwa kuzikamua mara mbili tatu, zisirudi nyeupe. Siku hizo za majaribio punguza chakula hadi robo, au usiwape kabisa siku mbili, hawafi. Filta ikikaa usiku kucha bila umeme kwenye beseni kama nilivyokuelekeza, iwe na maji tu, na sponji na pete zibaki ndooni.

Na ukibadilisha filta nzima, usitupe sponji za zamani. Zikate ziingie kwenye mpya. Mpya safi kutoka kwenye boksi haina mtu ndani.

Pampu ya hewa. Hiyo haikuharibika, ilinyweshwa. Umeiweka chini ya usawa wa maji, sivyo? Umeme ukiwepo hewa inayasukuma maji nje ya kijibomba. Ukikatika, maji yanarudi kwenye kijibomba, yakishapita ukingo wa tangi yanaanza kujivuta yenyewe kama tunavyovuta petroli kwa mpira, na yanateremka mpaka ndani ya pampu. Ungechelewa kurudi nyumbani, yangeendelea mpaka uso wa maji ufike kwenye ncha ya kijibomba. Suluhisho la uhakika ni kuitundika pampu juu ya usawa wa maji. Rafu ya juu ya tangi inafaa. Ikishindikana, weka vali ya kuzuia maji kurudi, ile ndogo ya shilingi chache, mshale wake uelekee kwenye tangi. Ijaribu kwa mdomo kabla ya kuiweka: upande mmoja ipitishe pumzi, mwingine ikatae. Raba yake hukakamaa, ibadilishe kila mwaka. Pampu iliyokunywa maji ichomoe, ifungue skrubu za chini, ianike kivulini siku tatu. Ikishakauka, ukiona kutu kwenye sumaku au waya umebadilika rangi, usiiwashe.

Hujauliza kuhusu kioo, lakini tishu zikikupeleka huko, ujue tu namna ya kupima. Acha maji yashuke yenyewe. Mahali yanaposimama ndipo kimo cha tundu lilipo. Mshono wa kioo haubandikwi kiraka. Silikoni mpya haishikani vizuri na ya zamani, kwa hiyo unahamisha samaki, unakwangua mshono wote wa ndani kwa wembe mpya, unafuta kwa spiriti mara mbili, unabandika tepu ya karatasi pande zote na kupaka upya mshono wote kwa mkupuo mmoja. Chagua silikoni tupu inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu; zile za bafuni zenye dawa hiyo huua samaki. Silikoni hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani inasaidia, ila mimi nasubiri wiki nzima hata hivyo. Kioo chako cha mbele peke yake kinasukumwa na nguvu ya kilo 70 hivi. Ukiona vipovu au weupe ndani ya mshono unaounganisha kioo na kioo, siyo ule wa kona ya ndani, hiyo si kazi ya kufanyia sebuleni. Punguza maji mpaka nusu siku hiyo hiyo, umtafute anayejenga matangi.

Samaki wako hawataacha kuchimba, kwa hiyo inua bomba la kunyonyea liwe sentimeta kama kumi juu ya mchanga, na uvalishe ncha yake sponji ndogo ya tundu kubwa. Utaiosha sponji hiyo kila wiki, lakini filta utaifungua mara chache zaidi, na kila unapoacha kuifungua ni mara moja chembe haijaingia kwenye mfereji.

Oringi mpya ukienda kuitafuta Kariakoo, usiende na jina la filta tu mdomoni. Nenda na ile ya zamani mfukoni na kichwa cha filta kwenye mfuko. Ya zamani imelala na kupungua, kwa hiyo unene usipime juu yake. Pima upana wa mfereji, na mpya ijaribishe pale pale dukani: ikae ndani ya mfereji bila kulazimishwa na itokeze kidogo tu juu yake. Ikiwa inazama yote ndani, haibani kitu, hata muuzaji akiapa ni yenyewe. Chukua mbili. Na kama mwishowe itabidi ununue filta mpya, swali la kwanza dukani lisiwe inavuta lita ngapi kwa saa. Uliza oringi yake ya akiba wanayo. Wakisema hiyo haiuzwi peke yake, mrudishie boksi.